Samaki wa mapambo wakae karantini kabla ya kuvuka mpaka

Umoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulianza mwaka 2005, na Soko la Pamoja likafuata mwaka 2010. Tangu hapo mengi yameandikwa juu ya mahindi, maziwa na ng'ombe wanaopita Busia, Namanga au Rusumo. Samaki wa mapambo hawatajwi sana, ingawa nao wana wafanyabiashara wao. Hoteli, zahanati na nyumba za watu hupenda tangi la kioo lenye samaki wa rangi. Wa kuwapelekea wapo: samaki hufungwa kwenye mifuko ya plastiki yenye maji kidogo na oksijeni nyingi, mifuko ikapangwa ndani ya boksi, boksi likapanda basi.

Biashara hii ina ugomvi wake wa kila mara. Muuzaji husema samaki waliondoka kwake wazima. Mnunuzi wa upande wa pili husema baada ya siku chache walijaa madoa meupe kama chembe za chumvi, wakajisugua kwenye mawe, wakahema kwa shida, wakafa. Kila mmoja humwona mwenzake mwongo, na fedha zilizobaki hazilipwi. Ukweli ni kwamba mara nyingi wote wawili wanasema kweli.

Ugonjwa wa madoa meupe huletwa na kimelea kidogo ambacho wataalamu hukiita Ichthyophthirius multifiliis. Huingia chini ya ngozi ya samaki na kwenye matamvua, kikala na kukua. Kikiwa ndani ya matamvua tu hakionekani kwa macho. Samaki anaweza kusafiri nacho akiwa na rangi nzuri kabisa, kisha msongamano, baridi na uchovu wa njiani vikampunguzia kinga. Kikishakomaa, kimelea hudondoka chini ya tangi, hujifunika ganda, na humo ndani hugawanyika kuwa mamia ya vimelea vichanga. Hivyo hutoka na kuogelea vikitafuta samaki wa kuingia. Visipompata ndani ya siku chache hufa.

Hapo ndipo wengi hukosea. Dawa huua vichanga vinavyoogelea. Haviwezi vilivyo chini ya ngozi wala vilivyo ndani ya ganda. Anayetia dawa mara moja, akaona madoa yametoweka kesho yake, akauza, ameuza ugonjwa. Katika maji ya nyuzi 25 mzunguko huo huchukua siku nne au tano. Katika maji ya nyuzi 15 unaweza kufika siku 10 hadi 14. Kwa hiyo siku za tiba zinazotosha kwenye joto la Mombasa au Bujumbura hazitoshi kwenye tangi lisilo na hita katika baridi ya Nairobi. Maelekezo ya dawa yanayosafiri na samaki lazima yahesabu joto la kule aendako.

Shida huzidi kwenye tangi la mchanganyiko, ambalo ndilo wateja wengi hulitaka. Dawa za mrututu, yaani zenye madini ya shaba, huua konokono na uduvi. Gogogo na jamaa zake wasio na magamba huumizwa upesi na mrututu, na hata malakaiti ya kijani kwa kipimo cha kawaida huweza kuwadhuru. Chumvi ya gramu moja hadi tatu kwa lita husaidia, lakini si kila mmea wala kila samaki huivumilia. Kupandisha joto polepole hadi nyuzi 30 huharakisha mzunguko, lakini maji ya moto hubeba oksijeni kidogo, hivyo pampu ya hewa isizimwe. Prazikwanteli, inayojulikana sana kwa kutibu kichocho, huua minyoo ya matamvua lakini haigusi madoa meupe. Dawa ya mmoja ni sumu ya mwenzake, na nyingine si dawa ya ugonjwa huo kabisa.

Njia salama kwa tangi kama hilo ni kuwatoa samaki wote, hata wanaoonekana wazima, na kuwatenga kwenye mabeseni kwa makundi, kila kundi na kipimo chake. Tangi hubaki na mimea na konokono bila samaki kwa wiki mbili, na kimelea hufa kwa kukosa pa kula. Mkaa wa kichujio uondolewe wakati wa dawa kwa sababu huinyonya. Kila kundi liwe na wavu wake.

Hiyo ni kazi kubwa na gharama, na mara nyingi humwangukia mnunuzi asiyejua samaki walikotoka. Ingekuwa rahisi zaidi kama muuzaji angeifanya mapema. Samaki wapya wakae peke yao angalau wiki mbili, na zaidi kama maji ni ya baridi, kabla ya kuchanganywa au kufungwa kwa safari.

Wafanyabiashara wadogo watasema wiki mbili ni mtaji uliolala. Hoja hiyo ina uzito, kwa kuwa umeme, chakula na nafasi hulipiwa. Lakini beseni, sponji na pampu ndogo ya hewa hutosha kuanzia, na gharama hiyo inaweza kuwekwa kwenye bei. Mteja aliyewahi kupoteza tangi zima anajua maana ya samaki mmoja akioza wote wameoza. Atalipa zaidi kidogo akiaminishwa.

Utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya, kwa mizigo isiyozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, humpunguzia mfanyabiashara makaratasi ya forodha. Haumwondolei wajibu wa vibali vya afya ya wanyama, na samaki hai ni mnyama. Anayeukwepa ukaguzi kwa njia za panya hujinyima pia ushahidi wa kujitetea mzigo ukifa. Maofisa wa mifugo na uvuvi nao wakubaliane pande zote mbili juu ya siku za karantini zinazotambulika, ili cheti cha upande mmoja kisianze kubishaniwa upande wa pili.

Hadi hapo, jambo moja halihitaji kusubiri mkutano wa mawaziri. Kila risiti ya samaki hai iandikwe tarehe walipoingia karantini, joto la maji, dawa waliyopewa na siku ya mwisho waliyoipata. Mzigo ukigeuka kuwa na madoa meupe, wawili wataanzia kwenye karatasi hiyo badala ya kuanzia kwenye matusi.