Mwacheni Mtoto Ashike Bisibisi

Wazazi wenzangu, nanyi walimu wetu, nina neno.

Huko Kitengela, mpakani mwa Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, mtoto wa Kimaasai aitwaye Richard Turere alikabidhiwa ng'ombe wa babake. Simba wakawa wanatoka mbugani usiku kuwaua. Alijaribu moto, simba wakazidi kuliona zizi. Akasimamisha sanamu ya mtu. Siku ya kwanza waliiogopa, ya pili wakaizoea. Usiku mmoja, akizunguka na tochi, akang'amua kwamba simba huogopa mwanga unaotembea. Basi akatwaa betri kuukuu ya gari, paneli ya sola, kidude cha indiketa ya pikipiki na balbu za tochi mbovu, akaunda taa za kumetameta kana kwamba mtu anapita. Alikuwa na miaka 11.

Ujuzi huo aliupata wapi? Aliifungua redio mpya ya mamake, na mama akawaka hasira. Wangapi wetu tungemchapa hata asiguse waya tena?

Mtaala wa umilisi, ulioanza kwa majaribio nchini Kenya mwaka 2017, unamtaka mwanafunzi aunde vitu kwa mikono yake. Nia ni njema. Sisi ndio tunaoiharibu. Mtoto akipewa kazi, baba hukesha akikata katoni na kupaka gundi, au mama hukimbilia dukani kununua kilicho tayari. Asubuhi mtoto hubeba kazi ya mtu mzima, na mwalimu huitia alama. Huo ni udanganyifu, hata ukifanywa kwa mapenzi.

Mwalimu, nakusihi, kazi hizi zifanyike shuleni, mchana, mbele ya macho yako. Gari la waya likienda upande, usilicheke wala usilinyooshe wewe. Muulize mtoto mwenyewe gurudumu linakwama wapi, kisha mrudishie alifumue. Turere naye alishindwa mara mbili kabla ya kufaulu.

Wala tusisingizie ukosefu wa mafundi au vifaa. Fundi wa redio na fundi baiskeli wako sokoni. Waalikwe shuleni saa moja kwa wiki, na walipwe, maana ujuzi wao ndio riziki yao. Umeme wa ukutani usiguswe. Betri za tochi zatosha. Na chama cha wazazi kinachochangisha fedha za mitihani ya majaribio, muhula ujao kichangishe pia za bisibisi, koleo na misumeno midogo.