Mwanao akikukatia tiketi ya meli ya Karibiani mwezi wa tisa

Wiki mbili zilizopita mama mmoja wa miaka 67 aliingia kliniki akiwa na furaha ambayo sijamwona nayo tangu nianze kumtibu. Mwanawe anayeishi Texas amemkatia tiketi. Atafika Houston mwishoni mwa Agosti, na wiki ya pili ya Septemba familia nzima itapanda meli ya kitalii katika bandari ya Galveston kwa siku saba: Jamaika, visiwa vya Cayman, na Cozumel huko Mexico. Kwangu alitaka karatasi tu. "Daktari, niandikie kwamba naruhusiwa kusafiri. Mjukuu anaisubiri kwenye simu."

Mama huyu ana shinikizo la juu la damu na kisukari. Anachoma insulini asubuhi na jioni.

Sikuiandika siku hiyo, naye aliondoka amenuna. Naeleza sababu hapa kwa kuwa si yeye peke yake. Vijana wetu walioko Marekani na Canada wanawalipia wazazi safari hizi, na ni jambo jema sana. Lakini wanachagua tarehe kwa kuangalia bei na likizo zao, halafu daktari anaulizwa mwishoni kabisa, tiketi ikiwa imeshalipwa.

Tuanze na bahari yenyewe. Msimu wa vimbunga katika Atlantiki huanza Juni 1 na kwisha Novemba 30, na kilele chake ni kati ya katikati ya Agosti na katikati ya Oktoba. Ukitaka siku ya katikati kabisa, ni karibu na Septemba 10. Shule za Marekani zinakuwa zimefunguliwa, familia nyingi hazisafiri, na wenye meli wanashusha bei. Kwa hiyo punguzo alilolifurahia kijana wetu lina sababu yake.

Wazee wengi wakisikia kimbunga na meli katika sentensi moja wanawaza kuzama. Siwacheki. Nchi iliyoomboleza MV Bukoba mwaka 1996 na MV Spice Islander mwaka 2011 ina haki ya kuogopa. Ila meli hizi za kitalii ni kubwa mno, na kimbunga huonekana siku kadhaa kabla. Mara nyingi kinakwenda polepole kuliko meli, hivyo nahodha anageuza njia. Badala ya Jamaika mnajikuta mmepelekwa kisiwa kingine, au mnabaki baharini.

Tatizo kwa mgonjwa wangu ni kuchelewa. Agosti 2017 kimbunga Harvey kilipoipiga Texas, bandari hiyohiyo ya Galveston ilifungwa, na maelfu ya abiria waliotakiwa kushuka wakakaa baharini siku kadhaa zaidi. Meli nyingine zilikwenda New Orleans kuongeza chakula na mafuta. Kwa mtu mzima wa afya hiyo ni likizo ya bure. Kwa mtu aliyebeba vidonge vya siku saba ni habari nyingine.

Nalisema hili kwa sababu nimewahi kukosea. Miaka kadhaa iliyopita nilimwandikia mzee mmoja dawa za presha za siku alizoniambia atakaa, bila kuongeza hata moja. Hali ya hewa ikaharibika, safari ikarefuka, dawa zikaisha. Alipofika nchi kavu presha yake ilikuwa juu kiasi cha kulazwa, na bili ikamwangukia binti yake. Aliporudi hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Tangu hapo nasema hivi: dawa za safari nzima, kisha ongeza za wiki mbili. Na zikae kwenye mkoba wa mkononi, hata kama mtoto anasisitiza kukupunguzia mzigo. Siku ya kupanda meli wapagazi huchukua masanduku na huweza kuyaleta chumbani jioni. Kwenye ndege nako, insulini haitakiwi kwenda kwenye shehena, kwa kuwa inaweza kuganda, na ikishaganda haifai tena hata ikiyeyuka. Chupa mpya ikae kwenye jokofu kati ya nyuzi 2 na 8. Iliyofunguliwa kwa kawaida inavumilia joto la chumba kama siku 28, mradi isiachwe juani. Saa za Texas ziko nyuma ya zetu kwa saa nane wakati huo wa mwaka, kwa hiyo sindano ya asubuhi ya kwetu haiwi asubuhi ya kule. Hilo tulipange kabla ya safari, si kwa kubahatisha ukiwa angani.

Majina ya dawa nayo yanapotosha. Salbutamol unayovuta kwa ajili ya pumu, Wamarekani wanaiita albuterol. Glibenclamide kwao ni glyburide, na paracetamol yetu ni acetaminophen. Beba barua yenye majina halisi na vipimo vya dawa, usiende na pakiti tupu ukidhani duka la dawa litakuuzia. Kule cheti cha daktari wa Dar es Salaam hakitoshi, utatafutiwa daktari wao kwanza.

Jambo la pili ni mawimbi, na hapa ndipo nina wasiwasi zaidi. Hata meli ikikikwepa kimbunga, mawimbi yake husafiri mamia ya kilomita. Waliopanda boti ya Zanzibar wakati wa kusi kali wanajua ile mifuko inayogawiwa, na safari ile haifiki hata nusu siku. Sasa fikiria siku mbili au tatu. Mama mwenye kisukari anatapika, hali, hanywi, lakini anaendelea kumeza dawa ya presha inayotoa maji mwilini kwa mkojo, na pengine metformin. Akichoma insulini kamili bila kula, sukari inashuka. Asipochoma kabisa, inapanda. Figo zinakaukiwa. Mtu wa miaka 67 anaweza kupoteza kazi ya figo kwa siku chache hivyo, na watoto wakadhani amelegea tu kwa sababu ya bahari.

Ndiyo maana kila mgonjwa wangu anayesafiri anapewa maelekezo ya "siku ya kuumwa": dawa ipi isimamishwe ukitapika, ipi isiachwe, na sukari ipimwe kila baada ya saa ngapi. Yanatofautiana mtu na mtu, kwa hiyo usinakili ya jirani. Dawa za kuzuia kichefuchefu zipo, ila muulize daktari wako. Kuna zile za kubandika nyuma ya sikio zinazosifiwa sana. Kwa mzee zinaweza kuleta kuchanganyikiwa, na mwenye tezi dume iliyovimba anaweza kushindwa kukojoa. Mwenye presha ya macho naye azikwepe.

Meli ina zahanati, ina daktari na wauguzi. Watakupa dripu, watapima moyo. Hawatakupasua, na si mahali pa kusafishia figo. Mgonjwa akizidiwa huhamishiwa nchi kavu, wakati mwingine kwa helikopta, na helikopta hairuki katikati ya dhoruba. Kisiwa kilicho karibu nacho kinaweza kuwa ndicho kilichopigwa. Baada ya kimbunga Maria, Septemba 2017, sehemu nyingi za Puerto Rico zilikaa miezi bila umeme. Fikiria insulini na mashine za figo katika hali hiyo.

Gharama za zahanati ya meli huandikwa kwenye hesabu ya chumba chako. Kwa hiyo bima ya safari inunuliwe mapema, na iwe inayokubali maradhi uliyonayo tayari. Kimbunga kikishapewa jina, bima mpya haikulipi kwa ajili ya kimbunga hicho. Na ukificha kisukari kwenye fomu ili bei ipungue, umenunua karatasi tu.

Kwa wazazi wanaokwenda na watoto wadogo: meli nyingi hazipokei mtoto wa chini ya miezi sita, na mama ambaye ujauzito wake utafikisha wiki 24 kabla safari haijaisha hukataliwa. Mtoto mwenye selimundu ambaye akitapika kidogo tu anaanza maumivu, mimi ningemwombea miezi mingine. Wote wanawe mikono kwa sabuni na maji, kwa kuwa virusi vya kuharisha vinavyosambaa melini havitishiki sana na dawa ya mikono ya spiriti.

Je, nasema wazee wasiende? Hapana. Mzee ambaye presha na sukari yake zimetulia kwa miezi mitatu, mwenye dawa za ziada na bima, aende hata Septemba, na asirudi bila picha. Ambaye hajatulia asubiri Februari au Machi, wakati Karibiani haina vimbunga. Tiketi itakuwa ghali zaidi, najua. Ila ningependa kijana anipigie kabla ya kulipa, na mzazi asinifunge mdomo. Kila mwezi nasikia, "Daktari, usimwambie mwanangu kuhusu figo, atahangaika." Huyo mwana ndiye atakayekaa na wewe chumbani usiku meli inapoyumba.

Yule mama alirudi Jumanne. Kipimo cha sukari cha miezi mitatu kilisoma 10.2, nasi tunalenga karibu na 7. Nilimwomba ampigie mwanawe tukiwa pamoja. Alikaa kimya muda mrefu ameshika simu, kisha akaipiga, na akanipa mimi niongee. Kijana aliuliza maswali mazuri kuliko nilivyotarajia. La kwanza lilikuwa: "Amekuwa akichoma insulini tangu lini?"