Ipimeni dawa ile tunayokunywa

Kinachonisumbua katika tafiti nyingi za usalama wa dawa za mitishamba ni kwamba majani, kwa mfano ya mwarobaini, hulowekwa kwenye methanoli, kisha dondoo linalopatikana ndilo linalomwagwa juu ya seli maabarani, ilhali nyumbani tunayachemsha kwa maji. Vinavyoyeyuka kwenye methanoli si vilevile vinavyotoka sufuriani. Usalama uliopimwa ni wa dawa ambayo hakuna anayeinywa!

Halafu kuna kipimo cha MTT, kinachotumika kuona kama seli ziko hai. Seli hai huigeuza rangi ya njano kuwa zambarau, lakini dondoo zenye polifenoli nyingi zinaweza kuigeuza zenyewe, bila seli hata moja. Asiyepima dondoo peke yake pembeni, bila seli, anaweza kuhesabu seli zilizokufa kuwa ni hai.

Na seli za HepG2 zinazotumika katika vipimo hivi, zilizotokana na saratani ya ini, zina uwezo mdogo wa kuchakata dawa kuliko ini lenyewe. Kemikali za mimea kama alkaloidi za pirolizidini, ambazo huwa sumu zikishachakatwa na ini, zinaweza kupita humo zikionekana salama. Watafiti wetu, tafadhali tumieni pia seli za ini la kawaida, tena kwa dozi za kurudiarudia, maana mgonjwa hanywi kikombe kimoja akaacha.