UCHAMBUZI: Urithi wa Prof Calestous Juma uenziwe kwa vitendo

MTAFITI hupimwa kwa njia nyingi. Wapo wanaohesabu vitabu alivyoandika, na wapo wanaohesabu mara ambazo wasomi wenzake wamemrejelea. Hata hivyo, kipimo kizito zaidi ni iwapo mawazo yake yamebadilisha jinsi mataifa yanavyotumia mali ya asili waliyojaliwa na Mwenyezi Mungu.

Kwa kipimo hicho, marehemu Prof Calestous Juma, aliyeaga dunia Desemba 15, 2017, ni miongoni mwa wasomi wakubwa zaidi kuwahi kutoka Kenya.

Alizaliwa mwaka wa 1953 huko Port Victoria, Busia, kando ya Ziwa Victoria. Alikuwa mwanahabari wa masuala ya sayansi na mazingira katika gazeti la Daily Nation kabla ya kusomea uzamifu katika Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza. Mnamo 1988 alianzisha jijini Nairobi kituo cha ACTS kinachotafiti sera za teknolojia, na baadaye akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani.

Katika kitabu chake The Gene Hunters cha mwaka wa 1989, Prof Juma alieleza jinsi madola na kampuni za kigeni zilivyojipatia nguvu kwa kumiliki mbegu na chembe za urithi za mimea kutoka mataifa mengine. Funzo lake lilikuwa wazi: utajiri humwendea mwenye maarifa ya kuitumia mali, wala si yule ambaye mali hiyo imemwotea shambani.

Kenya ilikuja kuliona hilo kwa macho yake. Bakteria waliochukuliwa kutoka Ziwa Bogoria katika miaka ya 1990 walitoa vimeng'enya vilivyotumiwa ughaibuni kufifisha rangi ya nguo za jeans. Mnamo 2004, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) lilijitokeza kudai mgao wa faida, ilhali biashara ilikuwa imeshamiri kitambo.

Kati ya 1995 na 1998, Prof Juma alikuwa Katibu Mtendaji wa Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Bayoanuwai, ambao shabaha zake ni pamoja na matumizi endelevu ya viumbe na ugavi wa haki wa faida. Wazo hilo hilo limo katika Kifungu cha 69 cha Katiba ya Kenya ya 2010.

Aidha, kitabu chake cha mwisho, Innovation and Its Enemies cha 2016, kinachunguza sababu za watu kupinga uvumbuzi. Anarejelea kahawa, iliyopigwa marufuku Makka mnamo 1511 na baadaye kupingwa Ulaya na wauzaji wa mvinyo na pombe. Kwa maoni yake, watu huogopa hasara kuliko wanavyoiogopa teknolojia yenyewe. Mtu anapohisi kwamba riziki yake, hadhi yake au utamaduni wake umo hatarini, atapinga hata jambo lenye manufaa.

Mjadala wa vyakula vya GMO nchini ni ushahidi tosha. Serikali ilivipiga marufuku Novemba 2012 kufuatia utafiti uliofanywa Ufaransa, ambao jarida lililouchapisha liliufuta mwaka uliofuata. Marufuku hiyo iliondolewa na Baraza la Mawaziri Oktoba 2022, na papo hapo wakulima na wanaharakati wakaelekea mahakamani.

Prof Juma mwenyewe aliitetea teknolojia hiyo. Lakini anayemsoma kwa makini atatambua kwamba amri ya ghafla haimtulizi mkulima anayehofia kwamba mbegu itakuwa mali ya kampuni. Mkulima huyo anahitaji kushirikishwa mapema, na kuonyeshwa faida itamfikiaje na hasara itabebwa na nani.

Isitoshe, maarifa hayapatikani bure. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 inaagiza kwamba asilimia 2 ya pato la taifa iende kwa Hazina ya Kitaifa ya Utafiti kila mwaka wa kifedha. Lengo hilo halijawahi kufikiwa. Matokeo yake ni kwamba watafiti wetu hutegemea wafadhili wa nje, na ni kawaida kwa amlipaye mpiga zumari kuchagua wimbo.

Wahenga walinena kuwa mwacha chake mwana kulaaniwa. Viongozi wetu hupenda kumtaja Prof Juma kwa fahari katika makongamano. Heshima anayostahiki zaidi ni Bunge kutenga fedha ambazo sheria yake lenyewe inazitaja, na serikali kuketi na wakulima kabla ya kuamua, badala ya kukutana nao mahakamani.