Uzi wa Norway, geti la Mkapa: Machi 8 iliyotuacha solemba

JUMAMOSI ya Februari 14, 2026, kule Predazzo, Italia, ilipangwa kuwa siku ya wanaume kuruka kwa skii kwenye kilima kikubwa kuwania medali za Olimpiki ya majira ya baridi. Najua, ukurasa huu ni wa soka. Kwa shabiki wa Kenyamonta, wilayani Serengeti, theluji ni ile inayoganda kwenye friji ya duka la soda siku umeme haujakatika. Ila vumilia kidogo, maana hao jamaa wana kesi yao ya Machi 8, 2025, na sisi tuna yetu ya siku hiyohiyo.

Yetu unaijua. Dabi ya Kariakoo, Yanga na Simba, Uwanja wa Benjamin Mkapa. Jioni ya Machi 7 Simba wakaenda kufanya mazoezi ya mwisho, haki ambayo kanuni za ligi zinampa mgeni. Hawakuingia. Wakasema wamezuiwa getini na watu wa Yanga, na usiku huohuo wakatangaza kwamba hawachezi. Yanga wakajibu kwamba mechi ipo palepale. Mchana wa Machi 8 Bodi ya Ligi ikaahirisha mchezo ili ikusanye taarifa zaidi. Yanga wakapeleka timu uwanjani hivyohivyo.

Wakati huo watu wa mikoani walikuwa wameshafika mjini. Kutoka Mugumu au Tarime hadi Dar es Salaam si safari ya kuamka asubuhi ukafika mchana, ni basi la siku nzima na nauli ya kuuza mbuzi. Waliobaki nyumbani walikuwa wanatafuta nafasi kwenye vibanda umiza.

Sasa twende Trondheim, Norway, Jumamosi hiyohiyo. Mashindano ya dunia, kilima kikubwa, wanaume, mmoja mmoja. Marius Lindvik wa Norway, bingwa wa Olimpiki wa 2022 kwenye kilima kikubwa, alikuwa amemaliza wa pili mbele ya mashabiki wa nyumbani. Saa chache baadaye medali hiyo haikuwepo. Yeye na mwenzake Johann André Forfang wakafutwa kwenye matokeo. Dhahabu ilibaki kwa Domen Prevc wa Slovenia, fedha ikaenda kwa Jan Hörl wa Austria na shaba kwa Ryoyu Kobayashi wa Japani.

Kosa? Uzi. Naam, uzi wa kushonea nguo.

Hapa inabidi uelewe mchezo wenyewe kidogo. Mrukaji anakaa kwenye boriti juu kabisa, anajiachia, anateremka kwenye mfereji wa barafu mpaka anafika spidi ya kilomita 90 kwa saa hivi, kisha anajirusha hewani akiwa amelala mbele na skii zake zimefunguka kama herufi V. Kila kilima kina alama yake ya kuhesabia, na kwenye kilima kikubwa inakuwa kwenye mita 120 na kitu. Ukitua pale una pointi 60. Kila mita ya ziada inakupa pointi 1.8, na ukitua kabla unakatwa kwa kiwango hichohicho. Majaji watano wanatoa alama za mtindo, mwisho 20 kila mmoja. Ya juu kabisa na ya chini kabisa zinatupwa. Halafu kuna hesabu ya upepo, ambayo huwakera hata wazungu wenyewe.

Kinachombeba mtu pale juu ni hewa. Suti ikiwa pana kidogo au ngumu kidogo sehemu fulani, inafanya kazi ya tanga la ngalawa. Ndiyo maana suti inapimwa kwa sentimita, inakaguliwa kabla ya mashindano na kuwekewa chipu ili isibadilishwe. Wanorway wakaibadilisha. Kuna aliyewapiga video kwa siri kupitia pazia wakati cherehani inafanya kazi. Wapinzani wakaweka pingamizi, suti zikafumuliwa mshono kwa mshono, na uzi mgumu ukakutwa kwenye msamba. (Ndiyo, huko huko unakofikiria. Mita mbili tatu za medali zilikuwa zinatafutwa katikati ya miguu.)

Kesho yake, Jumapili, kocha wao mkuu Magnus Brevig akakaa mbele ya waandishi na kukiri kwamba walifanya makusudi.

Mashabiki wa Simba na Yanga watasema nalinganisha embe na nazi. Kule kulikuwa na video na suti ya kufumua, huku kulikuwa na maneno ya huyu na maneno ya yule. Sikubali sana. Kilichotokea kwenye geti la Mkapa kilikuwa na mashahidi wengi kuliko kile chumba cha cherehani. Magari ya timu yalikuwepo, walinzi, maofisa wa mchezo, na simu za mashabiki zilikuwa zinarekodi. Swali lilikuwa jepesi: mgeni alizuiwa au hakuzuiwa? Kama alizuiwa, kanuni inasema nini kwa aliyezuia? Kama hakuzuiwa, inasema nini kwa aliyegoma?

Majibu ya maswali hayo mawili yangeweza kumuumiza mmoja kati ya wakubwa wawili wa nchi. Na hapo ndipo naona tofauti yetu na Trondheim. Norway ni Simba na Yanga wa skii kwa pamoja, na mashindano yalikuwa nyumbani kwao. Waliokatwa medali ni wenyeji. Hakuna aliyesema tuahirishe tukusanye taarifa.

Sisi dabi ilikuja kuchezwa Juni 25, siku 109 baadaye. Katikati Yanga walikimbilia mpaka CAS, wakaambiwa wamalize kwanza njia za nyumbani. Mechi ilipopigwa Yanga walishinda 2-0 na kubeba ubingwa, na mjadala wa geti ukafunikwa na shangwe. Mpaka leo kijiweni ukiuliza nani alikosea Machi 7, jibu linategemea jezi aliyovaa unayemuuliza.

Tusiwapake mafuta sana hao wa theluji. Matokeo waliyanyoosha siku ileile, lakini watu wamewachukua muda. Lindvik na Forfang, ambao walisema hawakujua kilichoshonwa, walipewa adhabu ya miezi mitatu Agosti, na msimu wa baridi ulipoanza walikuwa huru. Brevig na wenzake wawili wa benchi walifungiwa miezi 18, hukumu iliyotoka Januari 2026. Na dhahabu ya kilima kidogo ambayo Lindvik alishinda siku chache kabla haikuguswa. Mtu wa Ujerumani ana haki ya kununa.

Halafu kuna geti lingine ambalo wanalifunga vizuri mno. Mwaka 1998 kule Nagano, Mkenya Philip Boit alishiriki mbio za skii za kilomita 10 akamaliza wa 92, wa mwisho, dakika 20 nyuma ya mshindi. Bingwa mwenyewe, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimsubiri kwenye mstari ili amkumbatie. Boit akampa mwanawe jina la Dæhlie. Kwenye kuruka kitu hicho kisingetokea, maana baada ya Mwingereza Eddie Edwards kushika mkia Calgary 1988 na kupendwa kuliko washindi, masharti ya kufuzu yalikazwa. Hakuna Mwafrika Mashariki aliyewahi kuruka kwenye kilima cha Olimpiki. Tanzania yenyewe haijawahi kupeleka hata mtu mmoja kwenye Olimpiki ya baridi.

Nirudi Mara, kwa sababu mkoa huu unajua uchungu wa mechi isiyochezwa kuliko wengi. Oktoba 2021 Biashara United ya Musoma iliifunga Al Ahly Tripoli 2-0 kwenye Kombe la Shirikisho Afrika. Marudiano yalikuwa Libya. Timu ikakwama kwenye usafiri, haikufika, ikatolewa ikiwa inaongoza kwa mabao mawili. Msimu huohuo ikashuka daraja. Hakuna mpinzani aliyeishinda kwenye ile raundi, ilishindwa na makaratasi na ndege.

Kwa hiyo ninaposikia mtu anasema Machi 8 imepita, tuangalie mbele, namwambia aangalie Predazzo. Miezi 11 baadaye kila mrukaji alikuwa bado anabanwa kwa sababu ya uzi ule: suti chache, chipu kibao, vipimo kabla na baada ya kuruka. Kwetu ligi inaendelea, dabi nyingine zinakuja, na mgeni bado atatakiwa kufika jioni ya kuamkia mechi kufanya mazoezi kwenye uwanja wa mwenyeji. Sijaona popote palipoandikwa ni nani hasa atakuwa ameshika funguo za geti siku hiyo.