LIKIZO YA UZAZI SI LIKIZO YA KULALA WODINI

Bwana Mhariri, na ndugu zangu wote wa Chama,

Wazee walisema, Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi sikukilalia, lakini mke wangu alikilalia siku 21, nami nilikuwa nje ya dirisha lake. Kwa hiyo naomba nafasi kidogo niseme neno ambalo makarani wenzangu huenda wasilipende, maana latuhusu sisi kuliko wakubwa wetu.

Mke wangu ni mwalimu hapa Manda. Mimba yake ilikuwa ya wiki 29 uchungu ulipomshika usiku. Kumlea mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati si kazi ya kituo kidogo cha ufukoni. Basi tukatoka Ziwa Nyasa kwa gari, tukapanda milima njia ya Ludewa, naye ameuma kitenge chake asipige kelele. Hospitalini alipewa dawa ya kutuliza uchungu na sindano za kukomaza mapafu ya mtoto, akaambiwa asitoke wodini. Kitanda kimoja walilala wawili. Dada yangu alipika uani kwa kuni za kununua. Kila mtoto alipotulia tumboni, mama alidhani amekufa, akamwamsha muuguzi; mara nyingine alijibiwa kwa upole, mara nyingine kwa ukali. Katika wiki ya 32 alijifungua mtoto wa kilo 1 na gramu 600. Yu hai, nasi twamshukuru Mungu.

Aliporudi nyumbani alikuta barua. Karani wa afisi moja, ambayo siitaji, alikuwa ameandika ya kwamba likizo yake ya uzazi ilianza siku ile alipolazwa. Yaani katika siku 84, siku 21 zilikwisha kuliwa kabla mtoto hajaliona jua!

Mabwana, je, hii ni haki? Tuifungue Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, wala tusiisome kwa jicho moja. Sheria yasema mama anaweza kuanza likizo yake wiki 4 kabla ya siku ya kutazamiwa kujifungua, au mapema zaidi daktari akithibitisha ya kuwa yahitajika kwa afya yake au ya mtoto. Yasema anaweza; haisemi afisi imwanzishie. Hiyo ni ruhusa aliyopewa mama, si panga alilopewa karani. Na sheria hiyo hiyo imeweka likizo ya ugonjwa, siku 126 katika miezi 36, nazo 63 za kwanza kwa mshahara kamili. Mwanamke aliyelazwa kwa cheti cha daktari, hali bado hajazaa, kama si mgonjwa ni nani?

Tena angalieni. Mei Mosi ya 2024, huko Arusha, Serikali ilitangaza kwamba mama wa mtoto njiti ataongezewa likizo mpaka zitimie zile wiki 40 za mimba, na mwaka 2025 jambo hili likaingizwa katika sheria. Kwa mtoto wa wiki 32 hizo ni wiki 8 zaidi. Serikali yatoa kwa mkono wa kulia. Mbona karani anyang'anye wiki 3 kwa mkono wa kushoto?

Wako watakaosema, Siku ni siku, mama atapumzika zile zilizobaki. Hawajui kazi ya siku zile. Mtoto njiti hufungwa kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku, ndiyo njia iliyoanzishwa Bogotá mwaka 1978. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2021, uliofanywa katika nchi 5, na Tanzania imo, ulionyesha kwamba watoto wa kilo 1 hadi kilo 1 na gramu 800 walioanza kubebwa hivyo mara baada ya kuzaliwa, vifo vyao vilipungua kwa robo. Kifua cha mama ni dawa, na dawa hii haipatikani pasipo siku. Anayezipunguza anapunguza dawa ya mtoto.

Wengine watasema, Wanawake watajifanya wagonjwa. Jamani! Ni nani atakayejifanya ili alale wawili kitandani, achomwe sindano, na kukesha akihesabu mateke ya mtoto?

Basi naomba Chama kifanye mambo mawili. Kwanza, kiwaandikie wakurugenzi wa halmashauri zote za Mkoa wa Njombe, tangu Makambako mpaka Ludewa, kwamba siku za kulazwa kabla ya kujifungua ziandikwe likizo ya ugonjwa. Pili, kila mmoja wetu akae na faili zake azikague. Barua ile haikuandikwa na waziri wala na mbunge. Iliandikwa na karani kama mimi, mwenye kalamu kama yangu, naye pengine alikwenda kula chakula cha mchana bila kuwaza tena habari yake.

Ikiwa hatuwezi kuwa wapole, na tuwe walau wasomaji wazuri wa sheria.

Wasalaam,
Mimi ndugu yenu katika kazi,
KARANI WA UFUKONI, Manda.