Sungura Anaponyonyoka Manyoya



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumswalia Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), leo naijibu barua ya mama mmoja. Imekaa mezani pangu siku kadhaa, kwa sababu imenikumbusha jambo lililotokea nyumbani mwangu na ambalo mpaka leo linanisuta.

Mama huyu ana binti wa miaka tisa. Binti alipohitimu Juzuu Amma, mjomba wake alimpa hadia ya sungura mweupe, na tangu siku hiyo hawaachani. Sasa ni wiki ya pili sungura ananyonyoka manyoya. Yako mkekani, yako kwenye mabuibui yaliyoanikwa, yako hadi juu ya msala. Mgongoni pametokea mabaka ambapo manyoya yamebaki machache mno. Nyanya wa mtoto ameona ni upele, akashauri aogeshwe kwa dawa ya kupe ya ng'ombe. Jirani amesema apewe juisi ya nanasi. Baba mwenye nyumba amechoka, anataka sungura apelekwe sokoni. Mama anauliza mambo mawili: je, swala yao inasihi ilhali manyoya yametapakaa kila mahali? Na je, mnyama huyu ni mgonjwa?

Suala la swala ni jepesi, nalimaliza kwanza. Sungura ni halali kuliwa. Imepokewa kwa Anas bin Malik, katika Bukhari na Muslim, kwamba walimkurupusha sungura huko Marru Dhahran, karibu na Makka. Anas akamshika, Abu Talha akamchinja, kisha akampelekea Mtume (S.A.W.) sehemu ya mapaja, naye akaipokea. Na katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo tuliyokulia hapa pwani, manyoya ya mnyama anayeliwa yakimtoka akiwa hai ni twahara, yawe yamepukutika yenyewe au yameng'olewa. Wanazuoni wameitegemeza hukumu hii juu ya aya ya 80 ya Suratun Nahl, ambamo Mola wetu ametutajia sufi, manyoya na nywele za wanyama miongoni mwa neema Zake. Basi unyoya ulionasa kwenye buibui haubatilishi swala. Upukuse kwa ajili ya unadhifu, uswali. Kinachohitaji kuoshwa ni mkojo wake na choo chake, kwani hivyo kwetu ni najisi, na unyoya uliolowa mkojo umenajisika. Wenye paka wasiichukue hukumu hii wakaihamishia kwao: paka haliwi, na nywele zake zina maneno mengine, ingawa zilizo chache husamehewa. Tutayazungumza siku yake, inshallah.

Tuje sasa kwa sungura mwenyewe, ambaye hakuandika barua lakini ndiye mwenye haja kubwa kuliko sote.

Kunyonyoka manyoya si maradhi. Manyoya ya zamani hutoka, mapya yakaota chini yake. Mara nyingi huanzia kichwani na shingoni, yakateremka mgongoni na mbavuni, na kazi yote huchukua wiki mbili hadi sita. Katika nchi za baridi hutokea zaidi baridi inapoondoka na inapokaribia kurudi, kwa sababu mwili wa sungura hufuata urefu wa mchana. Kwetu, mchana wa Juni na mchana wa Disemba hautofautiani hata kwa saa moja, hivyo sungura wetu hawana msimu wa kuaminika. Na sungura mchanga hubadilisha manyoya ya utotoni akiwa na umri wa miezi minne au mitano hivi. Nadhani huyu wa binti yetu ndiko aliko.

Mama, mtenge manyoya kwa vidole uitazame ngozi mchana kweupe. Ikiwa ni safi, laini, na unaona manyoya mafupi yanachipua, mshukuru Mungu. Ikiwa ina magaga, au wekundu, au inatoa unga mweupe kama mba, au anajikuna hata anatoka damu, au ndani ya masikio mna ukoko, hapo kuna utitiri au choa, na baadhi ya maradhi hayo huwahamia watoto. Huyo ni wa kupelekwa kwa daktari wa mifugo. Dawa ya kupe ya ng'ombe msimtie. Wala msimpulizie dawa ya viroboto ya mbwa na paka, kwani ziko ambazo humwua sungura. Kumwogesha pia hakufai. Sungura akitumbukizwa majini hupatwa na fazaa kubwa, na manyoya yake hukawia kukauka akapatwa na baridi. Namheshimu nyanya, na nia yake ni njema, lakini katika hili tumwombe radhi.

Hatari ya msimu huu iko tumboni. Sungura hujiramba mchana na usiku, na anapojiramba humeza manyoya. Paka naye humeza, lakini paka akizidiwa hutapika. Sungura hakuumbiwa kutapika. Kilichoingia kinywani mwake hakina njia ila kupita tumboni na matumboni mpaka kitoke nyuma. Manyoya machache tumboni mwake ni jambo la kila siku, na hayamdhuru maadamu tumbo linakwenda. Linaloendesha tumbo la sungura ni nyasi. Akikosa nyasi au akikosa maji, tumbo huzorota, chakula hukauka, na manyoya yale yale yasiyokuwa na madhara hushikamana yakawa donge. Kisha hewa hujaa, maumivu yakaanza, na mnyama akaacha kula kwa sababu ya maumivu. Na kuacha kula ndiko kunakolizidisha tumbo kusimama.

Haya sikuyajua miaka ile mjukuu wangu alipofuga sungura uwani kwetu. Alikuwa akinyonyoka manyoya kama huyu, na tulikuwa tukimlisha mabaki ya mkate, vipande vya chapati, karoti, na ganda la ndizi la hapa na pale. Watoto walifurahi kumwona anavyovipokea. Alhamisi moja jioni alikikataa chakula. Alijikunyata pembeni, macho nusu yamefumba, akisaga meno taratibu. Mjukuu alinijia mara mbili. Mara ya kwanza nilimwambia sungura amechoka. Mara ya pili nilimwambia tutamtazama kesho baada ya Ijumaa, kwa kuwa nilikuwa na darsa usiku ule. Tuliporudi msikitini tulimkuta amekufa. Mtoto aliniuliza swali moja tu, kama ni kwa sababu tulingoja, nami nikajifanya sikusikia. Daktari wa mifugo niliyemsimulia baadaye alinieleza niliyoyaeleza hapo juu, na akasema kule kusaga meno kulikuwa ni maumivu.

Sote tunaijua hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka, na tumezoea kuisimulia kana kwamba alikuwa mwenye moyo wa jiwe. Tangu siku ile mimi huisoma kwa namna nyingine. Uzito wake uko katika kule kumfungia: hakumlisha, na wala hakumwachia akajitafutia. Sungura wa kizimbani hana malisho mengine ila yale tunayompelekea. Tukimpelekea mkate, ndio riziki yake yote.

Basi, mama, nyasi ndizo dawa. Mrundo wa nyasi usiopungua ukubwa wa mwili wake kila siku, na usiku asilale bila nyasi mbele yake, kwani sungura hula usiku pia. Zilizo bora ni nyasi kavu. Maduka ya vyakula vya mifugo huuza marobota ya nyasi za boma Rhodes. Robota moja ni kubwa kwa sungura mmoja, kwa hiyo gawaneni na jirani mwenye mbuzi. Zinuse kwanza, na zenye ukungu zirudishe. Nyasi mbichi ni nzuri, ila zisiwe za kando ya barabara wala za mahali palipopigwa dawa. Majani ya matembele, mchicha na dania mpe kwa kiasi. Kabeji humjaza hewa. Karoti na matunda ni tamutamu, kipande cha kidole chatosha. Mkate, chapati, mahamri na biskuti mwiko. Na kama alikuwa amezoea hivyo, basi mbadilishie polepole kwa siku kadhaa, kwa kuwa tumbo lake halipendi mageuzi ya ghafla.

Kuhusu nanasi: jirani hakulizua, wafugaji wengi wamelisema. Lakini juisi ya nanasi haiyeyushi manyoya, na sukari yake huwavuruga viumbe wadogo wanaosaga chakula tumboni mwake. Kunyweni nyinyi.

Maji yawe kwenye kibakuli kizito cha udongo ambacho hatakipindua, yabadilishwe asubuhi na jioni. Visima vyetu vingi vina maji ya chumvi, na sungura asiyeyapenda maji hunywa kidogo bila nyinyi kujua. Mpeni yale mnayokunywa wenyewe. Na siku za joto kali mwekeeni kizimba kivulini penye upepo, pamoja na chupa ya maji ya barafu iliyofungwa kitambaa, ajiegemeze. Joto humlegeza, na aliyelegea hali.

Kuchana manyoya ni kazi nampa binti mwenyewe, baada ya Alasiri akishatoka chuoni. Aketi chini mkekani, wala si kwenye kiti, maana sungura akiruka kutoka juu huweza kuvunjika uti wa mgongo. Atandaze kanga kuukuu mapajani, amweke hapo, na amchane kwa brashi laini kwa kufuata manyoya yalivyolala, dakika tano hadi kumi, kila siku mpaka msimu upite. Kisha alowanishe viganja kidogo na kumpapasa. Manyoya yaliyolegea yatamganda mikononi, na utashangaa wingi wake. Asiyavute yaliyoshika, kwa sababu ngozi ya sungura ni nyembamba na huchanika upesi. Asimwinue kwa masikio, asimlaze chali. Kila unyoya unaobaki kwenye kanga ni mmoja ambao hautaingia tumboni. Na kizimba kifagiliwe, kwani yaliyoanguka humo huyaokota pamoja na chakula.

Wakati anamchana, atazame na nyuma. Choo kikiganda kwenye manyoya, nzi hutaga hapo, na kwa joto letu mabuu huweza kutoka siku hiyo hiyo.

Kisha, nisameheni, kila asubuhi kitazameni choo chake. Hakuna kitabu kinachoeleza hali ya sungura kuliko hicho. Punje za mviringo, nyingi, za ukubwa wa mbaazi, zikivunjwa zikaonyesha vipande vya nyasi: hali ni njema. Punje zilizoungana kwa nywele mithili ya shanga zilizotungwa uzini: manyoya yamezidi, ongezeni nyasi, ongezeni kumchana. Punje zimekuwa ndogo, kavu, chache: tumbo limeanza kuzorota. Mkimwona usiku anainama na kula choo laini kinachomtoka, msishtuke wala msimzuie. Ndivyo alivyoumbwa, chakula chake hupita mara mbili.

Na akikataa kula, au asipotoa choo kuanzia jioni mpaka asubuhi, msingoje adhuhuri. Mpelekeni kwa daktari wa mifugo asubuhi ile ile. Akiwa amejikunyata, anasaga meno, masikio yamekuwa ya baridi, au tumbo limevimba na kukaza, basi hata hiyo asubuhi ni mbali, mpigieni daktari usiku ule ule. Msimlishe kwa nguvu tumbo likiwa limekaza. Na msimpe mabaki ya dawa za watoto yaliyo kabatini, hasa amoksilini. Dawa hiyo humponya mtoto, lakini sungura akiimeza humwua.

Baba wa nyumba naye nina neno naye. Ndugu yangu, ni wiki chache tu. Ukimpeleka sokoni sasa, atakayemnunua ataona mnyama mwenye mabaka, atadhani ana upele, na utauza kwa hasara au hutauza kabisa. Mnunulie binti yako brashi.

Limebaki moja, ambalo barua haikulitaja. Wauzaji wengi hawajui kutofautisha dume na jike wa sungura wakiwa wadogo. Ikiwa huyu ni jike, na manyoya anayang'oa mwenyewe kifuani na tumboni kwa meno, kisha mnamwona anatembea na nyasi mdomoni kuzikusanya pembeni, huyo hanyonyoki bali anatandika. Huenda amejidhania tu kuwa na mimba, jambo hilo huwatokea. Lakini mimba ya sungura ni ya mwezi mmoja, siku 31 hivi. Muulizeni mjomba alimpata wapi, na kwamba alikaa na nani humo kizimbani. Kisha mwekeeni sanduku lenye nyasi kavu, na manyoya yote aliyokusanya binti kwenye kanga yatieni humo.